Uliza Mkia Umefika Wapi

Mjukuu wangu Nekesa anafuga ng'ombe watatu wa maziwa hapa nje ya Kitale, na kila kitu anachohitaji anakitafuta kwenye simu. Majuzi alikuja akanisogezea simu hiyo karibu na pua, akijua kabisa kwamba macho yangu yaliisha kwa kuangalia moto.

"Kuka, cheki hii," akasema. Kuka ndivyo tunavyoitwa sisi mababu kwetu Bungoma. "Inaitwa khukuri. Ati inakata nyasi za nepia, inapasua kuni, inachinja kuku, hata kuchonga fimbo inachonga. Moja tu na umemaliza kazi yote. Nichukue ya mpini wa mbao ama wa pembe?"

Nikamuuliza, "Mkia wake umefika wapi?"

"Mkia?" Akacheka mpaka akaketi. "Kuka, hiki ni kisu bana, si ng'ombe."

Mimi sikucheka. Alipoona sicheki akaniuliza kwa nini uso umebadilika hivyo. Nikamwambia achukue daftari aandike. Kwa hiyo haya mnayosoma yameandikwa na Nekesa, mimi nasema tu. Nimemwambia asinirembee maneno. Mkitaka mzee wa kuwatia moyo, wa kuwaambia kazi ya mikono ina baraka, wapo wengi, watafuteni. Mimi nilifua visu karibu miaka arobaini na ninayoyakumbuka zaidi si mazuri.

Lakini kwanza nimjibu mtoto, maana aliuliza swali la maana.

Kisu kile nilikijua kabla mama yake hajazaliwa. Mwalimu wangu, Mzee Situma, alikuwa mhunzi upande wa Malakisi. Huko watu walilima tumbaku na kuikausha kwa moto, kwa hiyo kuni zilitakiwa kila siku na wahunzi walikuwa na kazi. Kaka yake mkubwa alikuwa amepelekwa Bama kupigana vita vya wazungu, na huko alibadilishana vitu na askari mmoja wa Nepal. Yeye akatoa blanketi, akarudi nyumbani na kisu kilichopinda, ndani ya ala ya ngozi. Kaka huyo alipokufa kisu kikabaki kwa Mzee Situma, akawa anakiiga. Watu wa Malakisi hawakujua neno khukuri. Walisema kisu cha Bama, na walikipenda.

Siku ya kwanza kukishika nilidhani kimeharibika.

"Mzee, hiki kililaliwa na ng'ombe?" nikauliza.

Alinipiga kofi la kisogoni, si kali, la kuniamsha tu. Akaniweka mbele ya gogo. "Kata na panga lako. Sasa kata na hiki."

Nikakata. Panga lazima ulisukume wewe mwenyewe. Kile kisu kilinivuta mkono. Uzito wake wote uko mbele, pale kinapoinama, kwa hiyo ukikiinua kikashuka, kinashuka na nguvu zake chenyewe. Kisu cha urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja kinafanya kazi ya panga refu zaidi, na bado unaweza kukivaa kiunoni ukapanda mti.

Ndiyo, Nekesa, kinafanya kazi nyingi. Lakini kinazifanya kwa sehemu tofauti, na hilo simu haitakwambia. Tumbo, pale panene palipoinama, ni pa kupiga: kuni, mifupa, nepia iliyokomaa. Hapo usipanoe pakawa pembamba kama wembe, patameguka. Karibu na mpini, mahali ambapo kisu kimenyooka, ni pa kuchonga. Hapo noa vizuri sana, na unakata ukiwa umekishika kwa karibu, polepole. Ncha ni ya kuchuna ngozi na kutoboa. Mtu anayenoa kisu kizima sawasawa toka mwanzo hadi mwisho amenunua visu vitatu akatupa viwili.

Halafu kulikuwa na jambo jingine kwenye ala ya kile kisu cha Bama. Nyuma yake kulikuwa na visu viwili vidogo, urefu wa kidole. Kimoja kikali, cha kazi ndogo ndogo. Kingine butu kabisa, chuma kigumu cha kunolea kile kikubwa. Mzee Situma alivitoa akaviweka kwenye kiganja changu.

"Unaona?" akasema. "Hata wenyewe waliokitengeneza hawakusema kinafanya kila kitu. Mteja akikuomba kisu cha kufanya kila kitu, muulize kitu gani anakata kila siku. Mtengenezee hicho. Hayo mengine atajipanga."

Nilikuwa mwanafunzi mbaya, niseme ukweli. Nilikuwa na haraka. Kisu kikitoka motoni kinatiwa maji ili kikaze, na Mzee hakukitumbukiza kizima. Alikuwa na birika kuukuu ya chai, nyeusi tii, na alimimina maji kwa mdomo wake mwembamba kwenye makali tu, toka mwanzo hadi mwisho, mgongo akiuacha upoe wenyewe. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki laini kiasi, na kisu kikipiga gogo hakivunjiki. Mimi niliona huo ni mchezo wa wazee. Siku moja alipokwenda sokoni nikachovya kisu kizima kwenye ndoo. Nilisikia *tii*, sauti ndogo kama ya kikombe. Ufa kutoka makali mpaka mgongoni.

Mzee aliporudi hakunigombeza. Alikichukua akakitundika ukutani juu ya kichwa changu, kikakaa hapo zaidi ya mwaka. Kila mteja akiingia akauliza kile ni nini, Mzee alikuwa akisema, "Hicho ni cha Wekesa," yaani mimi, halafu anaendelea na kazi.

Kingine nilikifanya kigumu kupita kiasi nikamuuzia mwenye bucha wa Webuye. Alirudi nacho kimefungwa kwa gazeti, na kwenye kiganja ameshika kipande cha makali kama kucha. "Fundi, umeniuzia kisu ama kioo? Hii nimeitoa kwa nyama ya mteja. Karibu anipeleke mahakamani!" Tangu siku hiyo nilijifunza kutumia tupa. Pitisha tupa kidogo kwenye makali ya kisu unachotaka kununua. Ikiteleza kabisa kana kwamba unapitisha kwenye chupa, hicho kitameguka. Ikila chuma kama sabuni, hicho kitapinda kwenye kuni ya kwanza. Unataka ile inayoshika kidogo tu, kwa shida. Mwenye duka akikukataza, toka dukani.

Hayo yote yalikuwa makosa ya kuchekwa. Tulicheka. Mke wa Mzee alikuwa amekwisha kufariki wakati huo, na aliyetupikia ni binti yake, Nasimiyu, ambaye alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache. Alikuwa akijifunza kushona. Alikuwa na cherehani chini ya mti wa mpera ule ule tuliokatia mipini, na aliniita kaka, nami nilimwona dada. Aliwahi kunishonea aproni ya turubai ambayo ilidumu kuliko viatu vyangu vyote. Namtaja hapa ili mmjue.

Sasa jambo la mkia.

Kila kisu kina sehemu ambayo huioni, ile inayoingia ndani ya mpini. Mafundi tunaiita mkia. Mzee Situma alikuwa na njia mbili tu za kuufanya. Ama mkia ni mpana kama mpini wenyewe, mbao zinapigwa huku na huku kwa ribiti tatu, na chuma unakiona kwa macho kuzunguka mpini wote. Ama ni mwembamba, unapita katikati ya mpini mpaka unatokea nyuma, na huko nyuma unapigwa nyundo ukajikunja ili usirudi. Hakuna ya tatu. Alikuwa akisema makali butu yatakuchosha tu, lakini mkia mfupi utamuumiza mtu ambaye hata hakukishika kisu.

Nilihama Malakisi nikaja Kitale nikiwa mtu mzima. Nilifungua kibanda changu ukingoni mwa mtaa wa Kipsongo, kipande cha reli kikiwa fuawe, springi za malori zikiwa chuma. Mipini nilitengenezewa na mama mmoja aliyeitwa Wanjiru, wa zile familia zilizokuja Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati. Alikuwa mjane, seremala kuliko wanaume wengi niliowajua, mkali kwa maneno. Kila mpini aliochonga aliuchoma alama ndogo kwa msumari wa moto, duara lenye nukta katikati. Alisema mtu akiupenda mpini ajue wa kumtafuta, na akiuchukia ajue pia.

Kazi ilikwenda vizuri miaka mingi. Nilikuwa na jina. Halafu yakaja yale mapanga ya kutoka nje, membamba, ya rangi, rahisi. Mtu anapita na lake jipya mbele ya kibanda changu na hata salamu hanipi. Nyinyi mnasikia habari hizo kama hadithi ya biashara. Mimi niliziishi. Unakaa kutwa nzima na moto wako umewaka na hakuna anayekuja, na unaanza kuwachukia watu kwa sababu wana akili ya kununua cha rahisi.

Katika hali hiyo mwenye duka moja la vifaa mjini alinijia. Mtu wa tabasamu nyingi. Aliona kisu changu cha Bama akakipenda, akataka sitini kabla ya mavuno ya mahindi. Lakini mpini haukumfurahisha.

"Hizi chuma zinaonekana hapa pembeni zinakaa kienyeji," akasema. "Nataka mpini uwe laini, mbao tupu, na pete ya shaba hapa mbele. Ikae ya dukani."

Ningeweza kutumia mkia mwembamba unaopita mpaka nyuma. Lakini huo unakula chuma na unakula siku. Kutoboa mpera mgumu toka mwanzo hadi mwisho bila kuupasua si kazi ndogo. Nikapiga hesabu yangu: mkia ukiwa wa urefu wa vidole viwili tu, ukaingizwa na gundi kali, kipande kimoja cha springi kinatoa visu vitatu badala ya viwili, na siku tatu zinakuwa moja. Na nje hakuna atakayeona. Kwa macho vilikuwa visu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kufua. Niamini, vilipendeza.

Wanjiru alipoletewa cha kwanza alikitazama mkia, akanitazama.

"Fundi, hii ndiyo imebaki ama bado unaendelea?"

"Ndiyo hiyo. Toboa shimo la kiasi hicho."

"Vidole viwili? Mtu atapasua kuni na vidole viwili?"

"Kuna gundi, mama. Gundi ya siku hizi inashika gari."

"Gari halipigi gogo." Akaweka kisu chini. "Mimi nina watoto wa kulisha na mipini nitakuchongea, maana umeniagiza. Lakini alama yangu siweki hapo. Hata kwa moja."

Nilimwambia afanye anavyotaka. Nilimwambia pia maneno mengine, kwamba yeye ni mtu wa mbao na mambo ya chuma aniachie mimi. Nekesa anauliza kama aandike hilo. Andika.

Kabla ya kuvipeleka dukani nilichukua kimoja, kile kilichotoka kizuri zaidi, pete yake nimeing'arisha mpaka unajiona, nikampelekea Mzee Situma Malakisi. Nilikuwa sijamtembelea muda mrefu. Nadhani nilitaka aone nimefika mbali. Nadhani pia nilitaka asifu kile kisu, ili nami niache kukifikiria.

Tuliketi nje ya nyumba yake. Alikuwa amezeeka, amepunguza kazi, lakini mikono bado ilikuwa ile ile. Alikilaza kisu kwenye kidole kimoja kutafuta mahali kinaposimama, kikasimama vidole vinne mbele ya mpini, kama inavyotakiwa kwa kisu cha kupiga. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akapapasa makali kwa kucha. Akapima mgongo: mnene kama penseli karibu na mpini, ukipungua kuelekea ncha. Kisha kidole gumba kikatembea juu ya mpini, kikazunguka nyuma, mahali ambapo hakukuwa na chuma.

"Mkia umefika wapi?" akauliza.

Nasimiyu alikuwa mlangoni na trei ya chai. Wakati huo alikuwa fundi cherehani anayejulikana soko lote la Malakisi, akishona sare za shule, na alikuwa akinitabasamia.

"Umefika mwisho, Mzee," nikasema. "Nimeufunika kwa mbao tu, ndio mtindo wa sasa."

"Umeufunika vizuri," akasema. Akakifunga kiunoni. Aliyenifundisha kutoamini kisu cha mtu yeyote akaniamini mimi.

Simu ililia baada ya majuma matatu hivi, asubuhi, nikiwa ninawasha moto. Ilikuwa sauti ya Mzee.

"Wekesa. Kuja hospitali Bungoma. Kisu kimetoka."

Yaliyotokea ni rahisi kueleza. Alikuwa akipasua kuni za kuchemshia chai. Nasimiyu alikuwa amechuchumaa mbele kidogo, akiokota vipande. Pigo la kwanza, la pili, na kwenye la tatu mkono wa Mzee ukashuka na mpini peke yake. Kisu kilikwenda mbele kwa nguvu zile zile nilizowasifia hapo juu. Nasimiyu aliinua mkono kujikinga uso. Kilimpata kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

Nilimkuta amelala, mkono umefungwa hadi kiwiko. Daktari alikuwa ameokoa mkono, lakini mishipa inayokunja vidole ilikuwa imekatika, na alisema vidole vinne havitakunjika tena vizuri, pengine visikunjike kabisa. Mzee alikuwa ameketi kando ya kitanda na kofia mapajani. Nilisimama mbele yake nikiwa na maneno mengi niliyopanga ndani ya gari.

Alininyoshea mpini. Alikuwa amekuja nao mfukoni. Tundu lilikuwa limejaa gundi iliyokauka, kina cha vidole viwili.

"Nilikuuliza, Wekesa," akasema.

Nilingoja anipige, anilaani, awaite watu. Alirudisha uso kwa binti yake akaanza kumpangusa jasho kwa leso. Baadaye muuguzi akaniambia wakati wa kutembelea umeisha.

Sasa mtaniuliza vile visu vingine vilikuwa wapi. Karibu vyote vilikuwa vimeuzwa. Nilikwenda kwa mwenye duka nikamwambia ukweli, tuvikusanye, nitavitengeneza upya bila malipo. Tabasamu likaisha. Akasema nikisambaza maneno hayo atasema mimi ndiye niliyemdanganya, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba hana daftari la kuonyesha nani alinunua nini. Viwili vilivyokuwa bado dukani akanirudishia kupitia dirishani.

Nikaenda kwa Wanjiru. Nilidhani atafurahi kwa sababu alisema. Hakufurahi. Alikaa kando ya msumeno wake wa meza akafunika uso kwa aproni. Kisha akasema, "Zile hazina alama yangu. Kisu chako chochote chenye duara waache nacho. Kisicho na duara chukua. Si hiyo itakusaidia?"

Ilinisaidia. Niliuzima moto nikatembea. Kitale yote, Kiminini, Webuye, Bungoma, masoko na mashamba, na mfuko mgongoni. Mkidhani watu humshukuru mtu anayekuja kuwaambia kisu chao kina hatari, hamjui watu. Mama mmoja karibu na Webuye alikishika chake kwa mikono miwili akakificha nyuma. "Hiki? Kinakata vizuri kuliko chote nilichowahi kuwa nacho. Unataka kukichukua uniuzie kingine, si ndio?" Nikamwambia sitaki hata shilingi. Akasema basi kuna kitu kibaya zaidi. Kijana mmoja wa Kipsongo alinifuata akipiga kelele kwamba mhunzi amepatwa wazimu ananunua visu vyake mwenyewe, na watoto wakaja nyuma wakicheka. Wengine walinipa. Niliwaonyesha, mbele yao, jinsi ninavyoshika kisu kwa koleo na kugonga mpini mara moja kwa nyundo ukatoka. Baadhi walinitukana baada ya hapo, na walikuwa na haki.

Nilipata vingi, sikupata vyote. Kumi na tatu sikuviona mpaka leo. Pengine vimeliwa na kutu. Pengine kimoja kiko mkononi mwa mtu asubuhi hii na mtoto amesimama mbele yake. Kila nikisikia mtu anapasua kuni kwa jirani nanyamaza mpaka amalize, Nekesa anajua, ananicheka akidhani ni uzee.

Jina langu liliisha, bila shaka. Hata visu vyangu vizuri vya zamani watu walianza kuviogopa. Nilifua majembe na bawaba za milango miaka iliyobaki, na Wanjiru akahamia kwa mtoto wake Nakuru, ambako nasikia alichonga mpaka mwisho.

Malakisi niliendelea kwenda. Mara mbili tatu kwa mwaka. Nilipeleka sukari, nilipeleka mbolea, niliwatengenezea mlango. Niliomba msamaha mbele ya Mzee na mbele ya Nasimiyu, na wote wawili walisema wamesamehe, kwa sababu ni Wakristo na walikuwa wamefundishwa kusema hivyo. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa gunia pembeni, kisha siku moja sikuiona tena. Mzee alinikaribisha kila mara, akaniita kijana wangu. Tuliongea juu ya mvua, tumbaku, na magonjwa ya kuku. Lakini toka siku ile mpaka alipokufa, miaka karibu ishirini, hakuwahi kutamka neno moja kwangu juu ya chuma. Nikianza, alitazama mawingu. Nilikuwa mtu wa pekee aliyemrithi ufundi, na alifunga ule mlango taratibu, kwa heshima, na mimi nikiwa nje.

Mtu akikukasirikia unaweza kungoja hasira iishe. Kwa adabu ya namna ile sikujua ningoje nini.

Basi, Nekesa, chagua kisu chako hivi. Jiulize unakata nini kila siku. Kwako ni nepia, kwa hiyo chukua chenye tumbo pana na kisichozidi uzito wa mkono wako mwenyewe, si mkono wa mwanamume kwenye picha. Kipime kwenye kidole. Pitisha tupa. Mpini, chagua mbao ya kawaida. Pembe ni ya maonyesho, inateleza ikilowa maziwa. Kile kipengo kidogo kwenye makali karibu na mpini watu watakutungia hadithi nyingi, lakini Mzee aliniambia ni cha kuzuia utomvu na damu visikufikie kiganjani, basi. Usifungulie mikebe ya rangi. Mtu asisimame mbele yako unapopiga, hata kama kisu ni kizuri. Na mkia utake kuuona kwa macho. Usikubali maneno ya fundi, hata akiwa mtu unayempenda. Hasa huyo. Simu haiwezi kukuonyesha mkia, kwa hiyo kwenye simu usinunue.

Amenijibu kwamba ameshaagiza. Kitafika Alhamisi. Nimemwambia akilete hapa kabla hakijagusa kuni, nami nitakishika kwa koleo.

Kuna jambo moja zaidi halafu aweke kalamu.

Mzee Situma alizikwa mwaka jana. Nilikwenda mapema, nikavua koti, nikachukua panga ili nisaidie kukata miti ya kujengea hema, kama nilivyofanya kwenye kila msiba wa nyumba ile. Vijana wa ukoo, ambao hata sikuwajua, walikuja wakalichukua panga mkononi mwangu bila ubaya. "Wewe ni mzee sasa, keti tu," mmoja akasema. Mwenzake alimtazama, naye akatazama chini. Nikajua hadithi yangu inasimuliwa mle ndani hata na waliozaliwa baadaye. Nikaketi nyuma, peke yangu, mpaka mazishi yakaisha.

Wakati wa chakula sikusogea. Nilitaka kuondoka kimya. Nikaona Nasimiyu anakuja kati ya viti, nywele zimekuwa nyeupe, amebeba sahani ya ugali na nyama. Mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa kifuani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa amshikie. Kwetu mgeni hapewi chakula kwa mkono wa kushoto, ni matusi. Alisimama mbele yangu, akasita, akaangalia kama kuna mtu karibu wa kumsaidia kunipa ile sahani. Hakukuwa na mtu.

"Unisamehe, kaka," akasema. "Nakupa na wa kushoto."

Nikaipokea kwa mikono yote miwili. Alisimama pale akingoja nianze kula, nami nikala.